Nani analipa nauli ya mwandishi?

Kutoka Mwanza mjini kwenda Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, unapanda meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, kisha kivuko. Mwandishi asiye na ajira, anayelipwa kwa kila habari iliyotoka, akipiga hesabu ya nauli, chakula na malazi anaona bora abaki mjini. Mjini kuna semina. Ukumbini kuna soda, na mezani kuna karatasi ya kusaini "nauli", hata kwa aliyekuja kwa miguu. Siku ya pili habari inatoka: mgeni rasmi amesema, mgeni rasmi amesisitiza.

Ndiyo maana wazo la uandishi wa habari usiotafuta faida, unaoendeshwa kwa fedha za wafadhili au michango, linavutia. Si geni duniani. Gazeti la The Guardian la Uingereza limekuwa chini ya mfuko wa wadhamini tangu 1936. Marekani, ProPublica ilianzishwa 2007 kwa fedha za familia ya Sandler, na 2010 ikawa chombo cha kwanza cha mtandaoni kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari nchini humo, kwa habari za uchunguzi ambazo gazeti linalotafuta faida lingezihesabu hasara.

Huku ziwani hoja hiyo ina uzito. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, na watu zaidi ya 200 kufa, kamera zilijaa kisiwani. Kazi ngumu huja miezi baadaye: kurudi Bwisya, kinakotia nanga kivuko cha Ukara, kuhesabu abiria wanaopanda siku ya gulio, kuuliza nani anakagua. Habari ya namna hiyo haina mtu wa kuiwekea tangazo la biashara, na wakati mwingine inamkera yule yule anayetoa matangazo.

Lakini fedha za mfadhili nazo zina mwenyewe. Sidhani kama shida kubwa ni mfadhili kupiga simu akitaka habari ifutwe. Wengi hawafanyi hivyo. Shida huanza mapema zaidi, kwenye andiko la mradi. Mwaka huu ni tabianchi, mwakani jinsia, na mhariri anajifunza kuita kijiji chake "jamii ya pembezoni" ili apate ruzuku. Nenda mwalo wa Kirumba, Mwanza, asubuhi ukamsikilize mama anayefunga magunia ya dagaa. Anauliza bei imefika ngapi, ushuru umepanda kwa nini, na mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa wakipumzika, atauza nini. Hayo hayamo kwenye andiko.

Halafu mradi una tarehe ya mwisho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vyombo vingi duniani vilivyoitegemea vilijikuta bila mishahara. Hapo ndipo naona tofauti inayosahaulika: mfuko wenye mtaji wake si sawa na ruzuku ya miezi kumi na miwili. Wa kwanza unaweza kumuudhi mtu. Wa pili lazima ufikirie andiko lijalo. Kuitwa "si kwa faida" kunatueleza tu kwamba hakuna anayegawana gawio. Hakutuambii mhariri anamwogopa nani.

Kwangu, ruzuku bado ni afadhali kuliko bahasha ya semina, maana angalau ina mkataba unaoweza kusomwa. Ningetamani zaidi michango ya wasikilizaji. Watu wetu wanachangia harusi na misiba kwa simu kila wiki, na radio za jamii tayari hulipwa na wanaoleta matangazo ya vifo. Ila hapa pia pana mtego. Mwenye mitumbwi kumi atatoa laki, mama wa dagaa elfu moja, na siku ikija habari ya nyavu haramu tunajua simu ya nani itapokelewa haraka. Kwa hiyo orodha ya wachangiaji, majina na kiasi, ibandikwe mlangoni pa studio, na habari inapomhusu mmoja wao, mtangazaji aseme hivyo kabla hajaisoma.