Pima mwanga unaoangukia uso

Anayeanza kupiga picha kwa filamu hapa Goma huhangaika kwanza kutafuta kamera. Mimi namwambia atafute kipima mwanga cha mkononi, kile chenye kuba jeupe, kwa sababu mji huu unaidanganya kamera vibaya sana.

Kipimo kilichomo ndani ya kamera za zamani husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kikidhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Simama pale katikati ya mji ambapo lava ya Nyiragongo ilipita mwaka 2002. Kamera inaona weusi, inakuambia uongeze mwanga, na lava inatoka kijivu kama majivu. Hilo filamu ya negativu, ile ambayo weusi na weupe hugeuzwa, italivumilia. Balaa liko ziwani, Kituku: mvuvi amesimama, maji ya Kivu yanang'aa nyuma yake, kipimo kinashikwa na ule mng'ao na kukuambia upunguze. Uso wa mvuvi unageuka doa jeusi lisilo na macho. Kwenye negativu sehemu ile imebaki tupu, na hakuna maabara itakayorudisha kisichokuwepo. Nyuso zetu zimeharibiwa hivyo miaka na miaka, kisha tunaambiwa ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Sikubali. Ngozi haina kosa lolote, kosa ni la aliyepima maji badala ya mtu.

Kipima cha mkononi unakiweka karibu na kidevu, kuba likitazama kamera. Kinasoma mwanga unaomwangukia mtu, awe amevaa nyeupe au amebeba makaa kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Sindano inatulia, unazungusha gurudumu, unasoma jibu: kasi na tundu la lenzi la kuweka kwenye kamera. Lava inabaki nyeusi na uso unabaki na rangi yake.

Tena huwezi kupima hivyo ukiwa mbali. Lazima umsogelee mtu: "Jambo mama, naomba nipime mwanga hapa karibu na uso wako." Akikataa, umekataliwa. Goma imepigwa picha mno na watu wenye lenzi ndefu wasiosalimia.

Programu nyingi za simu hupima kwa kamera ya simu, kwa hiyo zinarudia kosa lile lile. Tafuta Sekonic L-398 ya zamani, kipima cha mkononi: hutumia seli ya seleniamu, haitaki betri wala chaji, na umeme wetu tunaujua. Kabla ya kulipa, elekeza kuba kwenye jua lisilo na mawingu. Kwa filamu ya ISO 100 (wepesi wake wa kupokea mwanga) na kasi ya 1/125 ya sekunde, isome tundu la karibu f/16. Ikisoma chini sana, seli imechoka, mwachie mwenyewe.