Kufuli Halitibu Arosto

Usiku wa tatu tangu tumfungie chumbani aache unga, yaani heroini, mdogo wangu, mtoto wa ami, aligonga mlango mpaka viganja vikachubuka. Sisi tumekaa ukumbini tunasikiliza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kanzu ya ami, na kila mara aliupapasa kuhakikisha upo. Mle ndani mlikuwa na godoro, ndoo na blanketi moja. Anatapika, anaharisha, anatetemeka huku jasho linamtiririka, analia kwamba mifupa ya miguu inamuuma. Ana miaka 19. Tukaiita hiyo tiba.

Na tuliamini imefaulu. Arosto ya unga, yale mateso ya mwili unapoukosa, huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha wiki ikiisha huwa imelegea. Siku ya nane akatoka, akaoga, ami akachinja kuku. Wiki tatu baadaye alikutwa nyuma ya maskani, midomo imegeuka buluu, anavuta pumzi moja moja. Alikuwa amerudia kipimo kilekile alichokizoea zamani. Mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kukihimili kipimo hicho, na hilo hakulijua yeye wala sisi. Aliyemuokoa ni teja mwenzake, kijana ambaye nilikuwa nampita kila siku bila salamu. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari. Hospitali wakamdunga naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya unga mwilini, akafumbua macho baada ya dakika chache.

Tangu siku ile nimekuwa mkali, wazee wangu mtanisamehe. Kumfungia mtoto chumbani kunaweza kumuua. Na mwenye kula vidonge vya kutuliza kama valiamu kila siku ndiyo hatari zaidi, maana ukimkatisha ghafla anaweza kuanguka kifafa humo humo ndani, peke yake. Sina neno na dua. Yasini nimemsomea mimi mwenyewe. Lakini angevunjika mguu tungemsomea na tungempeleka kufungwa plasta.

Dawa ipo hapa hapa kwetu Zanzibar. Hospitali ya Kidongo Chekundu wanatoa methadoni tangu 2015. Ni dawa ya maji, mgonjwa anainywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, inamshika mpaka kesho yake, naye anaweza kulala, kula na kwenda kazini. Utasikia watu, tena wenye elimu zao, wakisema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Shirika la Afya Duniani liliitia methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwenye kisukari hatumuulizi sindano ataacha lini.

Methadoni ni ya unga na jamii yake, haimtibu mvuta bangi wala mla vidonge kama valiamu. Hawa ndio wengi ninaowaona mtaani kwetu, na baadhi bado wamevaa sare za skuli. Wanahitaji mtu wa kuzungumza nao, wiki baada ya wiki, na daktari wa kuwaangalia usingizi, hofu na huzuni vilivyowasukuma huko. Nataka kila hospitali ya wilaya, Unguja na Pemba, iwe na chumba cha vijana, kifunguliwe jioni skuli zikishatoka, na mlangoni pasiandikwe chochote cha kumuaibisha mtu. Kituo cha kwanza tulichompeleka mdogo wangu, aliyekaa mapokezi alipaza sauti: "Teja mwengine huyu." Foleni nzima ikageuka, na humo alikuwemo mama wa jirani yetu. Mdogo wangu akatoka mbio. Ilituchukua miezi kumrudisha mbele ya daktari.

Sasa ana mwezi wa tisa kwenye dawa. Ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alikwenda mwenyewe kumwambia muuguzi. Kila asubuhi ami humpakia kwenye vespa, humsubiri nje anywe, kisha humshusha kazini. Masika haya walikwenda hivyo hivyo na mvua yao, wakafika wameroa chapachapa.