Timu ya chuo ikipigwa kila wiki, usiende kutafuta kocha mwenye jina

Ikishafika Novemba huku Marekani makocha wa futiboli ya vyuo wanaanza kufungashiwa virago mmoja baada ya mwingine, na kila chuo kinachopigwa kina mashabiki wanaojua kabisa nani aje, yaani kila mtu ana jina lake mfukoni. Mimi nakaa Nebraska, jimbo ambalo timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, halina hata ya dawa, kwa hiyo timu ya chuo kikuu pale Lincoln ndo kila kitu, tiketi za uwanja wa Memorial zinaisha kila mechi tangu 1962, hata miaka ile timu ikiwa mbovu ya kutia huruma. Na kwa mlioko nyumbani, sizungumzii mpira wetu wa miguu, nazungumzia ule wa helmeti na mabega ya kuvimba.

Msimamo wangu ni huu na nimeshabishana nao sana kazini: chuo kilicho chini kikitaka kocha mkuu kitafute mtu aliyewahi kuwa kocha mkuu sehemu ndogo isiyo na pesa akashinda, halafu akahamia sehemu nyingine ngumu akashinda tena. Hiyo "tena" ndo muhimu. Mchezaji wa zamani hapana, msaidizi wa kocha maarufu hapana, na mzee aliyebeba kombe miaka 10 iliyopita huyo ndo hapana kabisa.

Nebraska yenyewe ni shule ya namna ya kukosea. Hawa ni watu waliobeba ubingwa wa taifa 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997, hawakuwa wanyonge. Mwaka 2003 wakamfukuza Frank Solich akiwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3, wakasema wao hawawezi kuridhika na hali ya kati kati. Sawa. Wakamleta Bill Callahan, mtu wa NFL, aliyetoka kuifikisha Oakland Raiders kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na msimu wake wa kwanza tu Nebraska ikapoteza zaidi ya ilivyoshinda, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu 1961. Kwa nini? Kwa sababu NFL unafundisha watu wazima walioajiriwa, kila siku wako kwako, huku chuoni ni vijana wa miaka 18 wana mitihani, wana mama zao wa kupigiwa simu, na kazi kubwa ya kocha ni kukaa sebuleni kwa watu akiwashawishi. Ni kazi mbili tofauti zinazofanana nguo tu. Callahan alifika hadi 2007, mwaka huo wakapigwa na Kansas 76-39, ndio, na Kansas, halafu kibarua kikaota nyasi.

Baada yake akaja Bo Pelini, miaka 7, kila mwaka anashinda mechi 9 au 10, wakamfukuza naye. Mike Riley akaja, mtu mpole sana, akaondoka na rekodi ya kushinda 19 kupoteza 19. Hapo ndo tukafika kwa Scott Frost na hapa lazima nikae kidogo kwa sababu kila anayebishana na mimi ananitupia Frost usoni.

Frost ni mtoto wa nyumbani, kazaliwa Nebraska, ndo aliyekuwa kwotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa ubingwa wa 1997. Na sio kwamba alikuja mikono mitupu, chuo cha UCF kule Florida kilikuwa kimemaliza 2015 bila ushindi hata mmoja, 0-12, yeye akakichukua, mwaka wa kwanza 6-7, mwaka wa pili 2017 akamaliza 13-0. Sasa mtu ataniambia si huyo ndo yule yule unayemtaka wewe, kajenga sehemu ndogo? Hapana jamani. Kajenga mara moja, miaka 2 tu, hatujui ingekuwaje mwaka wa tatu wale vijana aliowakuta wakishaondoka. Na kibaya zaidi, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani hakuna aliyemhoji vizuri, mkataba wa miaka 7 dola milioni 35 ukawekwa mezani, mcheza kwao hutuzwa, basi. Novemba 2019 akiwa bado anapoteza kuliko anavyoshinda wakamwongezea tena miaka 2! Nani anamwongezea mtu mkataba akiwa anafeli? Mtu anayempenda ndo anafanya hivyo.

Matokeo yake tunayajua, ushindi 16 vipigo 31. Mwaka 2021 walipoteza mechi 9 na zote 9 kwa tofauti ya pointi zisizofika 10, kila wiki ni pale pale karibu halafu kosa moja la kijinga. Agosti 2022 kule Dublin wanaongoza Northwestern 28-17, akaamuru lipigwe teke fupi la kushtukiza ili wauokote mpira wenyewe, wenzao wakauokota, wakapigwa 31-28. Wiki chache mbele wakafungwa na Georgia Southern 45-42 na kesho yake akatimuliwa, ilikuwa Septemba 11, na hapo ilibidi walipe dola milioni 15 wakati wangesubiri tu hadi Oktoba 1 ingekuwa nusu yake. Wiki tatu tu. Milioni saba na nusu. Mimi mtu wa kulipwa kwa saa nikisoma vitu kama hivi naacha simu naenda kunywa maji.

Twende kwa majirani, Kansas, wale wale wa 76-39. Baada ya enzi nzuri ya Mark Mangino kuisha 2009 Kansas iliingia shimoni haswa. Wakamchukua Charlie Weis, jina kubwa, alikuwa kwenye benchi la New England Patriots ya NFL wakati wa ubingwa wao, akawa kocha mkuu chuo cha Notre Dame, na kichekesho ni kwamba wakati Kansas wanamlipa, Notre Dame nao walikuwa bado wanamlipa fidia ya kumwondoa, jumla yake karibu milioni 19. Weis alishinda mechi 6 akapoteza 22. Lakini vipigo sio ubaya wake mkubwa, vipigo vinaisha. Ubaya ni kwamba alitafuta njia ya mkato, akajaza wachezaji wa vyuo vya miaka miwili ambao wanakaa muda mfupi wanaondoka, aliyemfuata David Beaty akakuta kikosi kina watu wachache sana kuliko zile skolashipu 85 zilizokuwa zinaruhusiwa. 2015 wakamaliza 0-12. Yaani kocha mbovu hakuachii tu matokeo mabaya, anakuachia na deni la wachezaji ambalo mwenzake atalilipa miaka mitatu.

Wakajifunza? Wapi. 2018 mwishoni wakamleta Les Miles, bingwa wa taifa na chuo cha LSU msimu wa 2007, jina linang'aa, akashinda 3 akapoteza 18, Machi 2021 akaondoka kwa mambo ya nje ya uwanja. Sasa ni Machi, wenzenu wote wameshaajiri tangu Desemba, makocha wazuri wameshakwisha sokoni, na hapo wamebanwa kabisa ndo wakafanya jambo la akili. Mkurugenzi mpya wa michezo Travis Goff akaenda chuo cha Buffalo akamchukua Lance Leipold.

Leipold nani? Mtaani hakuna aliyemjua. Alikuwa Wisconsin-Whitewater, chuo cha daraja la tatu ambalo hata skolashipu za michezo hawatoi, kule alishinda mechi 109 akapoteza 6, vikombe 6. Akaenda Buffalo ambako futiboli haina historia ya maana, mwaka wa pili akashinda mechi 2 tu, hawakumfukuza, mwaka wa nne akashinda 10. Na alipokuja Kansas alikuja na sehemu kubwa ya benchi lake, watu waliomzoea miaka na miaka, hiyo nayo usiione ndogo. Msimu wa kwanza 2-10, lakini Novemba ya mwaka huo huo walienda Austin wakaipiga Texas 57-56 kwenye muda wa nyongeza, na pasi ya kumalizia akaidaka Jared Casey, kijana ambaye hakuwa hata na skolashipu. 2022 wakacheza mechi ya bakuli, ile ya mwisho wa msimu kwa timu zilizofanya vizuri, 2023 wakamaliza 9-4. Baadaye wameshuka tena, 2024 walikuwa 5-7, sitaficha hilo, Kansas ni Kansas. Ila linganisha na sifuri kumi na mbili.

Kinachoniuma mimi mtu wa huku ni kwamba Leipold alishawahi kuwa kocha msaidizi hapa hapa, chuo cha Nebraska-Omaha. Alikuwa mlangoni!

Halafu kuna Indiana, hii sasa ndo imemaliza ubishi. Indiana ndo chuo kilichokuwa na vipigo vingi kuliko vyote katika historia ya daraja la juu. Mwisho wa 2023 wakamchukua Curt Cignetti, mzee wa miaka 62, ambaye alikuwa msaidizi wa kocha maarufu Nick Saban pale chuo cha Alabama, kazi ya raha kabisa, akaiacha 2011 kwenda chuo cha daraja la pili Pennsylvania kwa mshahara mdogo kwa sababu alitaka kuwa bosi mwenyewe. Akashinda pale, akaenda Elon akashinda, akaenda James Madison akapata 52-9. Alipofika Indiana waandishi wakamuuliza atawashawishije vijana waje, akajibu yeye anashinda, wamtafute Google. Watu wakacheka. Akaja na wachezaji 13 wa kule kule James Madison pamoja na wasaidizi wake, 2024 akamaliza 11-2, 2025 wakabeba ubingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja. Indiana! Mtu angeniambia hivyo 2020 ningemwambia apumzike kidogo.

Najua mtasema dunia imebadilika, sasa hivi kuna transfa potali, mchezaji anahama kama anavyotaka, na tangu 2021 wanalipwa kwa jina na sura zao, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa moja kwa moja, mwaka wa kwanza ilikuwa hadi dola milioni 20.5, kwa hiyo mwenye pesa ndo atashinda tu. Kuna ukweli. Lakini hiyo hiyo potali ndo inampa nafasi mtu aina ya Cignetti, kwa sababu aliyezoea kuokota wachezaji ambao wakubwa wamewakataa anajua kuangalia nini, jicho lake limenolewa kule chini. Aliyezoea kupewa wachezaji nyota kila mwaka hana hilo jicho, hakulihitaji. Kalen DeBoer alianzia Sioux Falls, chuo kidogo mno cha Dakota Kusini, akapata 67-3, na ndiye huyo aliyeifikisha Washington fainali ya taifa Januari 2024 kisha Alabama wakamchukua.

Na sisi tuliokulia Simba na Yanga tuna ugonjwa wetu hapa, tunadhani kubadilisha kocha ndo dawa. Yanga msimu wa 2024/25 walimwondoa Gamondi Novemba, akaja Ramovic, Februari Ramovic akakimbilia Algeria, akaja Hamdi, na ubingwa wakachukua! Lakini Yanga wana kikosi kizuri kuliko karibu timu zote za ligi, hata ungempa mjomba wangu. Chuo kinachopigwa hakina godoro hilo la kuangukia. Kila ukifukuza kocha wachezaji wanafungua potali wanaondoka, vijana waliokuwa wamekubali kuja wanageuza, unaanza sifuri.

Wanaoharibu hii kazi kwa maoni yangu ni watu wawili, tajiri mfadhili na ajenti. Tajiri anataka jina la kumtambia mwenzake, ajenti anataka jina la mteja wake litajwe popote pale ili bosi wake wa sasa aogope na kumwongezea mshahara. Texas A&M walimwongezea Jimbo Fisher mkataba 2021, LSU walikuwa wanatajwa kumtaka, wakahakikisha pesa yote hadi 2031, na Novemba 2023 wakamtoa kwa gharama ya zaidi ya milioni 75. Sio kosa la kutaipu. Milioni sabini na tano za dola za kumlipa mtu asije kazini.

Ningekuwa mimi kwenye intavyuu nisingeuliza falsafa ya ushambuliaji wala kuoneshwa picha za rangi ukutani. Ningeuliza nani anakuja na wewe, majina yao, mmekaa pamoja miaka mingapi. Ningeuliza mwaka wako mbaya kuliko yote ulikuwa upi na mwaka uliofuata ulifanya nini, na kama hana mwaka mbaya ningempa mkono nimwambie asante kwa kuja.

Ndo maana Matt Rhule, kocha tuliyempata Nebraska baada ya Frost, mimi bado namtetea mpaka watu wananikasirikia. Temple alianza 2-10 akafika ushindi wa mechi 10 miaka miwili mfululizo, Baylor akaanza 1-11 mwaka wa tatu akawa 11-3, kwa hiyo kajenga mara mbili. NFL na Carolina Panthers ilimshinda, ndio, na nilishasema hizo ni kazi mbili. Nebraska alianza 5-7, 2024 akaleta 7-6 na mechi ya bakuli ya kwanza tangu 2016. Sio moto sana, nakubali, mwaka wake wa tatu nilitegemea zaidi ya ulivyokuja. Lakini Oktoba 2025 wameshamwongezea mkataba hadi 2032, sasa wanaopiga kelele atolewe waanze kwanza kuchanga hiyo fidia, na waliosaini wawe wa kwanza kwenye orodha ya mchango.