Si saratani, lakini umefika moyoni: ovari zibaki au ziondolewe?

Chukua mwanamke wa miaka 43. Miguu imevimba, akipanda ngazi pumzi inamwishia, na amewahi kuzimia. Anaambiwa atapasuliwa tumbo na kifua, atolewe kizazi na ovari zote mbili, pamoja na uvimbe mrefu ulioanzia kwenye kizazi ukapanda ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hadi moyoni. Kisha anaambiwa uvimbe wenyewe si saratani. Ndugu wakiuliza kwa nini akatwe hivyo kwa kitu kisicho saratani, swali lao ni la haki. Ila madaktari wanaolaumiwa kwa kupenda kisu wana hoja nzito, na sidhani kama imesikilizwa vya kutosha.

Mayoma za kizazi, yaani vimbe za misuli ya kizazi zisizo saratani, tunazijua. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya 80% ya wanawake weusi huwa nazo wanapofikia miaka 50. Karibu zote hubaki zilipo. Chache mno huingia kwenye vena za kizazi na kukua ndani yake; hali hiyo kitaalamu huitwa intravenous leiomyomatosis. Birch-Hirschfeld wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1896. Mwaka 1907 Dürck akaeleza uvimbe wa aina hiyo uliofika moyoni.

Kuutambua ndiko kugumu. Kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, daktari wa moyo anaona kitu kinachocheza katika chumba cha juu cha kulia, pengine kikipenya kwenye vali na kurudi kila moyo unapodunda. Kinachomjia haraka ni bonge la damu, au miksoma, uvimbe usio saratani unaoota ndani ya moyo wenyewe. Mgonjwa anaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, wiki zinapita, kitu kiko palepale. Lakini miksoma mara nyingi hukaa upande wa kushoto, imeshika ukuta unaotenganisha vyumba. Uvimbe huu kwa kawaida hauna shina moyoni: umeingia kupitia vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaoleta moyoni damu ya tumboni na miguuni, na ukiufuata kwa sitiskani au MRI unakupeleka hadi nyonga. Tena una mishipa yake ya damu, kwa hiyo dawa ya rangi inayochomwa wakati wa kipimo huufanya ung'ae, jambo ambalo bonge la damu halifanyi. Kabla ya mashine yoyote kuna swali la bure: mama, umewahi kufanyiwa operesheni ya kizazi au ya mayoma? Wengi wao wamewahi. (Ndiyo maana nang'ang'ania kila kinachotolewa kwenye kizazi kipelekwe patholojia, maabara inayochunguza nyama za mwili. Vijiuvimbe ndani ya vena huweza kuonekana kwa hadubini muda mrefu kabla moyo haujaguswa.)

Kuutoa kuna afueni yake. Mara nyingi haujashikamana na ukuta wa vena. Ukikatwa chini, huvutwa taratibu ukatoka mzima, mweupe, laini, kama kamba ya jahazi iliyolowa. Timu nyingine huutoa wote kwa tumbo bila kufungua kifua. Nyingine husimamisha moyo na kumtegemeza mgonjwa kwa mashine ya moyo na mapafu. Kufanya yote siku moja au kwa awamu mbili ni suala la hali ya mgonjwa na uwezo wa hospitali.

Ugomvi wenyewe uko kwenye ovari. Wanaotaka ziondolewe wanasema uvimbe huu una vipokezi vya estrojeni na projesteroni, homoni za kike zinazotoka zaidi kwenye ovari, maana yake unalishwa na homoni. Na kuna jambo husahaulika: vena ya ovari ni mojawapo ya njia unazopandia. Ukiacha ovari na vena yake, huenda umeacha chakula na barabara.

Takwimu inayoninyima raha ni ya kurudi kwa uvimbe: ripoti nyingi hutaja hadi 30%. Namba hiyo imejengwa juu ya vikundi vidogo vya wagonjwa waliopasuliwa kwa namna tofauti, na wengi waliorudiwa ni wale ambao uvimbe haukutoka wote. Anayetaka kuipuuza ana sababu. Mimi naogopa kinyume chake: kwamba wanaorudiwa ni wengi kuliko wanaohesabiwa. Uvimbe huu hukua polepole. Mgonjwa aliyefuatiliwa miaka miwili akaandikwa amepona anaweza kuwa na kisiki, kipande cha uvimbe kilichobaki, ambacho hakijafika mahali pa kuleta dalili. Na kurudi kwake si kama mayoma ya kawaida kuota tena. Kunaweza kumaanisha kifua kufunguliwa mara ya pili, penye makovu ya mara ya kwanza.

Upande wa pili, wa wanaotaka ovari zibaki, nao hausemi mchezo. Utafiti wa afya ya wauguzi wa kike wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wanawake karibu 30,000 waliotolewa kizazi kwa magonjwa yasiyo saratani, ulionyesha kuwa walioondolewa ovari zote walipata saratani ya matiti na ya ovari kwa kiwango kidogo zaidi, lakini vifo kwa jumla, vikiwemo vya moyo, vilikuwa vingi zaidi. Na mgonjwa wetu hawezi kupewa estrojeni kirahisi kufidia, kwa sababu ndiyo inayolisha uvimbe. Wanaotaka ovari zibaki wanataja pia letrozoli, dawa ya kupunguza estrojeni mwilini, na sindano za kuzima homoni. Sawa, lakini ushahidi wake hapa unatoka zaidi kwa mgonjwa mmoja mmoja, na sindano hizo nazo humfanya mwanamke akome hedhi, ingawa zinaweza kusimamishwa.

Kwa wa miaka 43, mimi ningeshauri ziondolewe. Kwa wa miaka 28 ambaye uvimbe umetoka wote na vena za ovari ni safi, ningekubali zibaki, kwa sharti la vipimo vya picha vya mara kwa mara kwa miaka mingi. Kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, tuseme Sumbawanga au Lodwar, sharti hilo ni nauli, malazi na gharama ya kipimo kila mara. Aambiwe hivyo kabla hajasaini fomu ya ridhaa, si siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.