Mwacheni kijana akazime moto

Jumamosi iliyopita, kwenye nyama choma ya jamaa mmoja huku Kent, jimbo la Washington, mzee ninayemheshimu sana alimwuliza mpwa wangu anasomea nini siku hizi. Kijana akajibu kwa adabu kwamba amepata nafasi kwenye kikosi cha jimbo cha kuzima moto wa misitu, na mafunzo yanaanza mwezi ujao. Mzee akaweka sahani chini. "Yaani mama yako aliuza shamba ili uje Amerika kuchimba mitaro na wafungwa?" Meza nzima ikaangua kicheko. Kijana akainamia soda yake. Hasira niliyoondoka nayo pale haijapoa hadi leo.

Nianze na hao wafungwa. Ndiyo, wapo kwenye vikosi vya kuzima moto. Hapa Washington wapo, California wapo, wanafyeka na kumeza moshi uleule. Nyumba yako ikinusurika hutaulizia rekodi ya polisi ya aliyeinusuru. Tuendelee.

Sisi Wakenya wa huku tunatambua kazi tatu: uuguzi, kompyuta, na kumiliki nyumba ya kutunza wazee. Lori tulianza kulisamehe juzijuzi, baada ya kuona hela zake. Kingine chochote ni aibu ya ukoo. Sasa nawauliza mliocheka, mnaijua kazi hii?

Kabla ya kuruhusiwa kukaribia moto, unapewa mtihani wa miguu. Mzigo wa ratili 45 mgongoni, karibu kilo 20, maili 3 kwa dakika 45, na marufuku kukimbia. Utembee tu, lakini utembee kama unadaiwa. Nawajua wacheka wawili ambao ngazi za kanisa pekee huwalazimu kushika ukuta.

Halafu darasa. Wanajifunza kwa nini moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka (joto hukausha nyasi za juu kabla mwali haujazifikia), upepo unapogeuka alasiri ufanye nini, hewa ikikauka utegemee nini. Wanajifunza kufyeka na kuchimbua ukanda, watu hadi 20 kwa mstari, mpaka udongo mtupu uonekane na moto ukose cha kula. Hiyo ndiyo "mitaro" ya mzee. Chombo chao, nusu shoka nusu jembe, kinaitwa Pulaski, kwa jina la mlinzi wa msitu aliyewaficha watu wake ndani ya handaki la mgodi moto wa 1910 ulipowazingira kule Idaho.

Lakini kilichonikalisha kitako ni kingine. Kijana alinionyesha amri 10 za kazi hiyo, zilizoandikwa 1957 baada ya wakubwa kuzichunguza ajali zilizoua wazima moto, pamoja na hali 18 za hatari za kuzikariri. Pawe na mtu wa kuangalia moto, mawasiliano yasikatike, njia ya kutorokea ijulikane, mahali salama pawepo. Nyuma ya masomo hayo kuna makaburi. Tarehe 30 Juni 2013, huko Yarnell, Arizona, wazima moto 19 wa kikosi kimoja walikufa pamoja, wakiwa na vihema vidogo vya kujifunika moto unapokuzingira. Kwa hiyo mtoto wa miaka 19 anafundishwa pia jinsi ya kumkatalia mkubwa wake amri asiyoiona salama: aeleze kwa nini, apendekeze njia nyingine. Hiyo ni haki yake, na imeandikwa kwenye kijitabu anachotembea nacho mfukoni.

Sasa niambieni, nyinyi wa shifti za usiku. Nani aliwahi kuwafundisha kukataa? Ni wangapi kati yetu tumeinua mgonjwa mzito peke yetu saa tisa za usiku kwa kuwa mwenzetu hakutokea kazini, kisha mgongo ukatulipa kwa miaka? Cheti chenyewe cha kuhudumia wagonjwa tulikisomea kwa pesa yetu, wengine kwa mkopo. Huyu analipwa akiwa bado anajifunza. Halafu sisi ndio tunamcheka yeye!

Na wapo wanaosema eti hii ni kazi ya Wazungu. Mwaka 1945 batalioni ya 555, wanajeshi weusi watupu, waliruka kwa parachuti kuzima moto wa misitu katika majimbo ya magharibi, huku Washington ikiwemo. Kasomeni.

Haya, nakubali, msimu ukiisha na mvua ikirudi wengi hubaki bila mshahara, na kodi ya nyumba haijui msimu. Bila masaa ya ziada, malipo si ya kujivunia. Moshi nao ni moshi: 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la vinavyosababisha saratani bila shaka. Hilo linaninyima usingizi. Mngeyasema hayo pale mezani, ningewasikiliza. Hakuna aliyeyasema. Mlisema mitaro.

Na tusijifanye moto wa msitu ni wa wengine. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka, waliopanda kupambana nao ni pamoja na wanafunzi na wanavijiji, wengine na matawi ya miti mkononi. Mtu mwenye mafunzo kama haya kule angekuwa dhahabu.

Basi, kuna suala la viatu. Vinatakiwa vya ngozi, virefu inchi 8, soli yenye meno isiyoyeyuka kwa joto, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Anahitaji kuanza kuvivaa sasa, maana kiatu kigumu mlimani ni malengelenge. Jamii hii imeshachangia hata harusi zilizovunjika kabla ya picha kutoka. Mchango unafungwa Ijumaa. Zelle napokea, taslimu napokea, ushauri sipokei.