Pikapu iliyotumika Lubumbashi: mzigo ni wa nani?

Mahindi yakishakauka mashambani, kuanzia mwezi wa tano, wazo la pikapu huanza kuzunguka Lubumbashi. Mpya ni za kampuni za migodi na za mashirika. Mtu wa Katuba au wa Ruashi anatafuta okazio, Hilux au Land Cruiser iliyokwisha kufanya kazi mahali pengine, imbebee mahindi ya barabara ya Kasenga, makala (mkaa wa kupikia), au saruji ya nyumba zinazoendelea kujengwa pembeni mwa mji. Zamu ya mama ya kupokea likelemba, mchango wa pesa unaopokewa kwa zamu, inafika, mjomba anaongeza, kaka aliye Kolwezi anatuma chake. Pesa za jamaa nzima zinaingia katika gari moja, na mara nyingi zinaingia haraka mno.

Anayesema nunua ana hoja, na hoja zake ni za kweli. Mkulima asiye na gari hana sauti juu ya mavuno yake. Mwenye gari anakuja siku anayotaka, anataja bei anayotaka, na magunia yakilala shambani wiki nzima, wezi wanajua yalipo. Tena bei ya mahindi hushuka kadiri magari yanavyozidi kuingia mjini: aliyetangulia ameuza, aliyechelewa anabembeleza. Kuna pia usiku wa ugonjwa, mtoto ana homa kali na teksi hazionekani. Kuna matanga, ambapo familia yenye gari inabeba viti, maji na wazee bila kumwomba mtu. Faida hizo haziingii kwenye daftari, lakini kila aliyewahi kuzikosa anazijua.

Sasa tupige hesabu. Tuseme pikapu ni dola 8,000 na unataka irudishe pesa yake katika miaka 3. Kila mwezi inadaiwa dola 222, kabla hujanunua mazutu (dizeli), matairi na oili, na kabla hujalipa bima. Chukua mkulima wa hekta 3 anayevuna tani moja na nusu kwa hekta. Ana tani 4 na nusu. Hilux imetengenezwa kubeba karibu tani moja, kwa hiyo mavuno yake yote ni safari 5. Mwongezee nyingine 5 za mbolea, mbegu na vibarua. Safari 10 kwa mwaka ni za kukodi, hata kama mwenye gari ni mtu wa maringo na bei yake inauma.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni habari nyingine. Saruji, bati na nondo zinatoka kila siku, mvua na kiangazi, na mteja anataka apelekewe nyumbani. Vivyo hivyo mama anayefuata bidhaa Kasumbalesa, karibu kilomita 90, kila wiki, na kurudi gari limejaa. Mimi nasimama hapa: pikapu iliyotumika inamfaa mtu mwenye mzigo wake mwenyewe wa mwaka mzima. Anayetaka kununua kwanza, ndipo aanze kutafuta mizigo ya watu, ningemwomba asubiri.

Sababu ni kwamba bei ya mzigo wa watu haipangwi na mwenye pikapu. Magunia mawili matatu yanachukuliwa na pikipiki ya magurudumu matatu kwa pesa kidogo. Mzigo wa tani 3 unachukuliwa na Canter, na gharama ya kila gunia inakuwa ndogo. Pikapu imebanwa katikati. Ili abaki na kitu mfukoni, mwenyewe anaanza kupakia mifuko 30 ya saruji, kisha 40. Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani 2, maradufu ya uwezo wa gari. Springi zikilala, fundi anaongeza majani mengine ya springi, gari linasimama tena na kila mtu anaridhika. Uzito haujaenda popote. Springi ngumu zinausukuma kwenye shasi, fremu ya chuma inayobeba gari zima, na shasi inaanza kupinda au kupasuka nyuma ya kibanda cha dereva, hasa kwenye pikapu ya milango minne, ambayo sehemu kubwa ya mzigo wake inakaa nyuma ya ekseli. Biashara iliyokosa mzigo wa uhakika inalivunja gari lenyewe. Halafu gari hilo hilo linapakwa rangi na kurudi sokoni, likutafute wewe.

Ndiyo maana ukaguzi wangu ungeanzia chini. Injini hufanyiwa ovahoo, gia hubadilishwa. Shasi iliyochomelewa mahali ilipopasuka haitarudi kuwa ile ya kiwandani. Lala chini ya gari na tochi, fuata mhimili mmoja wa shasi kutoka mbele hadi nyuma, kisha wa pili. Rangi nyeusi mbichi mahali pamoja tu ni dalili mbaya. Pengo kati ya kibanda na kitanda cha mzigo lililo pana juu na jembamba chini, au kinyume chake, ni dalili mbaya zaidi.

Huku kwetu kuna aina ya pikapu ambayo miji mingi haiioni: iliyotoka mgodini. Barabara ya Likasi na Kolwezi imezungukwa na migodi ya shaba na kobalti, na magari ya kampuni yakichoka huuzwa. Wanaoyasifu wana haki. Mengi yalifanyiwa servisi kwa ratiba, oili ikabadilishwa kwa wakati wake, na dereva alijua kuna mtu anayemsimamia. Gari la mtu binafsi ni nadra kupata malezi ya namna hiyo.

Lakini litazame kwa karibu. Juu ya paa kuna tundu dogo lililozibwa kwa silikoni: hapo palikaa taa ya kuzunguka. Mbele kuna alama ya bomba lililoshika bendera ndefu, ile inayomwezesha dereva wa lori kubwa la mgodi kuiona pikapu iliyo chini yake. Milangoni, jua likipiga kwa ubavu, kivuli cha namba kubwa zilizobanduliwa bado kinasomeka. Inua zulia, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye nyaya. Muuzaji anakuonyesha kilomita: “Yaya, ona mwenyewe, 90,000 tu!” Na inawezekana kabisa hakuichezea namba hiyo. Ndani ya mgodi gari linatembea polepole kwa amri ya kampuni, na linakaa masaa likinguruma pasipo kusogea, dereva anasubiri huku kiyoyozi kinafanya kazi. Gari likinguruma hivyo masaa 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni masaa 1,200. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, zingekuwa kilomita 48,000 kila mwaka, na hazionekani kwenye dashibodi.

Kwa hiyo soma vitu vinavyochakaa kwa kuguswa: pedali ya klachi, ukingo wa kiti cha dereva, usukani. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, pete za pistoni zimechoka. Na kama gari lilikuwa likifanya kazi karibu na kiwanda kinachotumia asidi ya sulfuriki kutoa shaba kwenye mawe, chunguza mabomba ya breki na sakafu kwa chini. Asidi hula chuma huku rangi ya juu ikibaki kung'aa.

Juu ya injini, mafundi wamegawanyika. 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2 bila turbo, inaeleweka na karibu kila fundi wa hapa, lakini inakunywa: lita 12 hadi 14 kwa kilomita 100, na zaidi ikibeba. Hilux za D-4D, injini za dizeli za Toyota zilizofuata, zinatumia mazutu kidogo na zinavuta vizuri. Tatizo ni kwamba nozeli zake zinapokea mazutu kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, na mazutu ya Kadhafi, ya kwenye bidoni pembeni mwa barabara, yakiwa na maji au uchafu, yanaziua. Washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio lililo chini ya injini. Injini inakufa kwa kiu wakati oili bado ipo. Anayefanya kazi mjini na kununua mazutu stesheni anaweza kuchukua D-4D bila hofu kubwa. Anayekwenda Kasenga, ambako gari likizima utalala nalo, achukue ile ya zamani na avumilie gharama ya mazutu.

Usukani wa kulia nao una watetezi wake. Gari linalotoka Japani kupitia Dar es Salaam na Zambia, au linalotoka Afrika Kusini, huwa na usukani wa kulia. Kwa kazi ya ndani ya mji sioni ubaya mkubwa. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya malori ya shaba, ni hatari ya kweli: sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo dereva lazima atokeze nusu ya gari ndipo aone kinachokuja. Taa zake pia zinamulika macho ya anayekuja mbele. Ukiona usukani umehamishiwa kushoto, usinunue kabla ya kujua nani aliufanya na kwa vyuma gani; mhimili wa usukani uliokatwa na kuchomelewa si wa kubebea watu.

Zimebaki karatasi. Jina kwenye carte rose, kadi ya usajili wa gari, liwe la anayekuuzia, na namba ya shasi iwe ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwa gari la mgodini kuna swali la ziada. Code Minier, sheria ya migodi ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, inazipa kampuni za migodi unafuu wa ushuru kwa vitu vya kazi yao. Gari lililoingia kwa unafuu huo likiuzwa kwa mtu wa kawaida, ushuru wa kawaida unatakiwa ulipwe. Dai karatasi ya DGDA, idara ya forodha ya Congo, inayoonyesha kwamba ushuru umelipwa, uione kabla pesa hazijatoka. Gari likikamatwa, utakayetafutwa ni wewe uliyelishika.

Na pesa zote zisiishie kwa muuzaji. Mwenye dola 8,000 atafute gari la 6,000, kisha abadilishe mkanda wa taimingi wiki hiyo hiyo, oili zote, breki na matairi, na akiba itakayobaki ingoje nozeli au klachi. Akiona gari zuri la 6,000 halipatikani, akodi msimu mmoja zaidi.