Prosidingi kurasa 950 na mama aliyekwama nje ya rufaa

Mtu akilalamikia ada ya prosidingi, yaani rekodi iliyotaipiwa ya yote yaliyosemwa kortini, wengi wanamwambia si ulipe tu, kwani anayetaipu hana tumbo? Na nisiseme uongo, hiyo hoja ina uzito. Kutaipu kesi ya siku kadhaa ni kazi ya kuumiza mgongo, na yule aliyeshinda naye anataka mambo yaishe aendelee na maisha yake.

Lakini hebu tazama kesi ya Mississippi, Marekani. Mama mmoja, kwenye rekodi za korti anaitwa M.L.B. tu, waliachana na mumewe, mume akaoa tena, kisha yeye na mke mpya wakaenda kortini mama avuliwe haki zote za uzazi ili mke mpya awaasili watoto wote wawili. Desemba 1994 jaji akakubali, na uamuzi wenyewe ulirudia maneno ya sheria tu, haukusema ni ushahidi gani uliomshawishi. Mama akalipa dola 100 za kufungua rufaa, halafu bili ikaja: prosidingi kurasa 950 kwa dola 2 kila ukurasa, 1,900. Nyaraka zingine kurasa 219, dola 438. Posta dola 10. Faili za kuweka hizo karatasi, dola 4.36. Jumla 2,352.36, na hakuwa nazo.

Hiyo bili nimeirudia mara nyingi. Kila mstari ukiuangalia peke yake huoni ubaya, dola 2 ukurasa si wizi, faili lazima zinunuliwe. Ubaya uko kwenye jumla, na jumla inapanda kadiri mashahidi walivyokuwa wengi, yaani kesi iliyobishaniwa sana, ambayo ndo inafaa iangaliwe tena, ndo inakuwa ghali zaidi. Na majaji wa rufaa hawaiti mashahidi upya, wanasoma. Bila prosidingi, mama akisema ushahidi haukutosha, watasoma nini?

Tarehe 16 Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki, kwamba asinyimwe rufaa kwa kukosa pesa za prosidingi, majaji 6 kwa 3, hukumu ikaandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg. Jaji Clarence Thomas alipinga, kwamba msaada huu wa prosidingi uliotolewa kwa maskini wa kesi za jinai tangu 1956 ukiingizwa kwenye kesi za madai, zisizo za jinai, hakuna pa kuweka mpaka. Hofu hiyo naielewa kabisa, ila kesi za madai hazifanani: ukishindwa kesi ya deni la shamba utalipa siku moja, mtoto ukishavuliwa umama wake ndo basi.

Sisi Kenya, Kifungu cha 48 cha Katiba kinataka ada ya korti iwe ya kiasi na isimzuie mtu kupata haki, na cha 50 kinampa mshtakiwa nakala ya kesi yake, pia kwa ada ya kiasi. Kiasi kwa nani sasa? Mimi nasema kipimo kiwe mfuko wa anayekata rufaa, maana ukipima kwa ukurasa hata bili ya yule mama ilikuwa ya kiasi, ukurasa mmoja mmoja, mara 950.